Mashine Sita za Joto

Wiki mbili kabla ya kumaliza mwaka wake wa mafunzo kazini, Atupele, mwanafunzi wa uhasibu, alipelekwa kukagua mali za hospitali ya mji. Kazi ilikuwa kusoma orodha, kukiona kila kifaa kwa macho yake, kisha kuweka alama ya vema.

Kwenye wodi ya watoto njiti, orodha ilitaja mashine sita za joto. Atupele alizunguka chumba kizima akaiona moja tu. Ndani yake walilala watoto wawili, mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake.

"Sista, hizi nyingine ziko wapi?"

"Zipi, mwanangu?" muuguzi alisema. "Nina miaka minane hapa. Ni hii hii."

Atupele alitoka hadi kwenye korido, akamweleza Bwana Lukindo, mkaguzi aliyekuwa akimsimamia. Lukindo hakushtuka.

"Weka vema zote sita."

"Lakini hazipo, mzee."

"Mwaka jana niliziweka vema mimi mwenyewe. Leo niandike zimekwenda wapi?" Akatoa kalamu. "Lete kitabu chako cha mafunzo nikusainie, binti. Bila saini yangu utaurudia mwaka."

Atupele aliweka alama sita. Alisita kwenye ile ya kwanza tu.

Mkunga akawapita mbio, amekumbatia kichanga ndani ya kanga. Kupitia kioo cha mlango, Atupele alimwona muuguzi akiinua kifuniko na kuwasogeza wale wawili taratibu, akitafuta nafasi.