Kikaango cha Mama Mkwe

Tangu Kombo amwoe Riziki, mama mkwe wake, Bi Mosi, hakuwahi kumsemesha moja kwa moja. Kila neno lilipitia kwa binti: "Mwambie mumeo chai inapoa."

Siku hiyo Riziki alikuwa sokoni, na Kombo alitakiwa kuliandikia gazeti maoni yake juu ya gemu mpya ya mazombi, ya kuchezwa na watu wawili. Bi Mosi akaichukua rimoti ya pili.

Ulikuwa upuuzi mtupu, na Kombo alishaupenda: mazombi wenye suti za harusi, vichwa vikipasuka kama matikiti. Yeye alishika msumeno wa injini. Bi Mosi alichagua kikaango, na kila kilipotua kililia kama kengele ya shule.

"Nyuma yako," akasema Bi Mosi.

Kombo akageuka kumtazama yeye badala ya zombi. Mtu wake kwenye gemu akang'atwa, akaanguka. Maandishi yakatokea kwenye skrini: mwache, songa mbele.

Riziki aliporudi, alisimama mlangoni na kikapu chake. Kwenye skrini mazombi walikuwa wakija kutoka kila upande, na mama yake alikuwa akiuzunguka mwili wa Kombo, kikaango juu.

"Amka, baba," alikuwa akisema. "Amka, niko hapa."

Pembeni yake Kombo alikaa, rimoti mapajani, asithubutu kumwambia kwamba aliyeanguka haamki.