Handaki la Jenerali Nyati

Nyati walioitwaa nchi walikuwa na pembe na jeshi kubwa. Nungunungu waliopigania uhuru walikuwa na miiba na msitu tu. Jenerali Nyati akawaamuru mafuko wa kijijini wachimbe handaki pana kuuzunguka msitu, ili nungunungu wafe njaa. Mafuko wakachimba, lakini nungunungu wakazidi kunenepa.

"Nimechoka nanyi!" Jenerali akafoka. "Chakula kinapitaje?"

"Chini kwa chini, bwana mkubwa," Bibi Fuko, msimamizi wa wachimbaji, akajibu kutoka ng'ambo ya handaki. "Fuko akichimba, lazima atoboe na pembeni. Hukutuuliza."

"Lo! Sasa handaki lote hili linamzuia nani?"

"Ruka uje huku nikuambie."

Jenerali akautazama upana aliouagiza mwenyewe, akageuka akarudi alikotoka.