Mkono Unaoongoza

Kitwana aliegemeza kitabu kikuukuu kwenye ndoo, akashika fimbo ya gofu kama ilivyo kwenye picha. Akasita, akasoma tena.

"Eti mkono wa kushoto ndio unaoongoza," alimwambia mama yake, aliyekuwa barazani akichambua mchele. "Wa kulia unafuata tu."

"Kitabu hicho kimekosea."

Kitwana akafungua cha pili, kilichochakaa zaidi. Nacho kilisema vilevile. Kitwana akautazama mkono wake wa kushoto, ule ambao utotoni mama alikuwa akiufunga kwa kipande cha kanga, asije akala nao, asije akampa mtu kitu nao. Leo uongoze? Alibadilisha mikono, akairudisha, akabadilisha tena, hata asijue upi ni upi.

Mwishowe akafumba macho, akauachia wa kushoto uongoze. Fimbo ilizunguka kwa wepisi asioujua. Mpira ukapaa juu ya ukuta, ukapotea.

Kitwana akamgeukia mama yake.

"Mama, kabla hujaufunga, nilikuwa nafanya nini nao?"

Ungo ulikuwa umeinama mapajani mwa mama, mchele unamwagika, naye hauoni.