Mbuli

"Mbuli," alisema Sikudhani kitandani. Nusu ya mdomo wake haikusogea.

Tangu kiharusi kimpige, Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka. Ilibaki lugha waliyoibuni utotoni yeye na pacha wake, Tausi, ili mama yao asiwaelewe.

"Muda wa kuona wagonjwa umekwisha, mama," nesi alimwambia Tausi. "Anasemaje?"

Mbuli ni nenda. Ukimalizia kwa kupiga kidoko cha ulimi, ni usiende.

Tausi alimwinamia. "Piga kidoko, Siku! Jaribu tu, nakuomba!"

"Mbuli." Chozi lilimtiririka Sikudhani upande mmoja.

Nesi akafungua mlango. Tausi akaingiza kidole kinywani mwa pacha wake, akauinua ule ulimi mzito mpaka kaakaani, akasubiri kidoko.