Mihogo ya Chuo Kikuu

Philomène alisimama na panga katikati ya shamba la majaribio la chuo kikuu. Kwa miaka mingi alikuwa amechanganya mbegu hapo, hadi akapata muhogo usioshikwa na ugonjwa wa majani. Nje ya uzio wanawake wa mji wa Kindu walikaa wakingoja. Vita vilikuwa vimeuzunguka mji, na waliotoka kwenda mashambani hawakurudi.

"Madame, watoto iko na njaa," alisema mama mmoja aliyevimba miguu.

Kama angeing'oa mihogo ile, kazi yake yote ingeisha jioni hiyo. Philomène akafungua lango, akakata shina la kwanza, akang'oa mihogo yake.

"Mihogo mukule," akawaambia. "Miti mupande. Kila mutu aende na muti yake."

Alidhani watanyang'anyana. Lakini yule mama alipopewa, hakuuma muhogo wake. Kwanza aliutia ule mti, kijiti cha kupanda, ndani ya kitenge mgongoni, pale pa kumbebea mtoto, akakaza fundo polepole asivunje macho ya kijiti yanayochipua. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo, na wa nyuma yake pia. Wakaondoka mstari mmoja, vijiti vikichungulia migongoni, na mihogo ingali mizima mikononi.

Philomène aliwatazama hadi wa mwisho.

Leo wanafunzi wakimwuliza shamba lake la majaribio liko wapi, huwapeleka Mikelenge, mtaa wanakoishi wale wanawake. Wanapita nyumba kwa nyumba, na katika kila ua mihogo imewazidi kimo. Yeye huwafuata nyuma.