Mkeka wa Bi Sikudhani

Programu ya ramani ilimchora kila mpita njia kama uzi mwekundu. Kwenye kishikwambi cha Tunu, afisa mipango miji, nyuzi zote zilikuja zimenyooka, zikakaribia baraza ya Bi Sikudhani, kisha zikakata kona na kuzungukia nyuma ya nyumba.

Tunu alikwenda kutafuta sababu: labda shimo, labda mbwa. Bi Sikudhani akamshika mkono, akamuuliza habari za nyumbani, za mama, za mtoto, za meno ya mtoto, za mama mkwe. Kufikia kikombe cha tatu cha chai, Tunu alikuwa ameshaijua sababu.

"Hizi nyekundu ndio watu?" Bi Sikudhani aliuliza, akiweka miwani sawa.

"Ndiyo, bibi. Njia ya miguu tunaijenga wanapopita."

"Na hapa peupe?"

"Hapo... ni barazani kwako."

Bi Sikudhani akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kumbe wananikimbia! Nami nilidhani mtaa umehama."

"Naweza kuwaomba wakubwa tuipitishe mbele, bibi."

"Uwalazimishe watu kwa saruji? Hapana, mwanangu. Jenga huko huko nyuma." Akainuka, akakunja mkeka. "Nibebee birika."

Akautandika kando ya kichochoro, nyuma ya nyumba. Mara mwalimu mmoja akatokea na madaftari kwapani, akawaona, akasita.

"Mwalimu wangu! Habari za nyumbani?"

Mwalimu akatazama kushoto, ukuta. Akatazama kulia, ukuta. Akaanza kuvua viatu.