Kiapo cha Mwenye Akili Timamu

Elkanah aliegesha gari la bosi wake kivulini, mtaani Baghdadiyah, ughaibuni alikoajiriwa udereva, akapandisha vioo vyote, kisha akapiga simu nyumbani Kenya kujitangaza kichaa.

Upande wa pili wa simu walikuwa padri wa mahakama ya ndoa ya jimbo Katoliki na mwanasaikolojia wake. Kesi aliifungua Elkanah mwenyewe. Walitaka kujua jambo moja tu: siku alipomwoa Eddah kanisani, miaka tisa iliyopita, je, akili yake iliweza kuubeba ule uzito wa kiapo? Kama haikuweza, basi ndoa haikuwahi kuwepo.

Iliweza, tena sana. Siku hiyo alikuwa mzima kama kigongo, furaha imemjaa hata chakula hakukigusa. Lakini sasa alikuwa na Shirleen, mfanyakazi wa nyumbani kule Riyadh, na babake Shirleen alikuwa katekista. Bila ndoa ya kanisani mzee hataki kusikia lolote. Na Elkanah, jamani, alishazama penzini.

Shirleen ndiye aliyemfundisha la kusema. Asitaje ulevi wa ujana, mapadri wameusikia hadi wamechoka. Aseme ni ugonjwa.

Basi akashika Biblia, akaapa, akaumwaga. Sauti kichwani tangu utotoni. Siku nzima kusahau kwamba ana mke. Noah, aliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Bani Malik na aliyemsimamia harusini, alikuwa ameshaapa hayo hayo. Eddah alipoulizwa alisema tu kwamba hana la kuongeza. Kusikia hivyo Elkanah aliona aibu, akaimeza.

"Na sasa umepona?" mwanasaikolojia akauliza.

Elkanah akapiga hesabu. Akisema amepona, wataulizia dawa na hospitali.

"Bado, daktari," akajibu. "Haya mambo hayaponi."

Miezi minane baadaye hukumu ikatumwa kwenye simu yake. Hakuifungua. Alipanda basi hadi Riyadh, Ijumaa, siku ya mapumziko ya Shirleen, wakaketi bustanini, akampa simu asome.

Shirleen akasoma kwa sauti, machozi ya furaha yakimtoka: ndoa ile ni batili, na Eddah yuko huru kuolewa kanisani na amtakaye. Kisha akafika aya ya mwisho, akaisoma polepole.

"Elkanah, kwa kuwa amekiri kwa kiapo kwamba maradhi yake hayajapona wala hayaponi, asifungishwe ndoa na padri yeyote."